MAJI YA KIANGAZI: JAMII, WANYAMAPORI NA MABADILIKO YA TABIANCHI



Swali la mazingira linapotokea kwenye mtihani, wengi hukimbilia sentensi zilezile: tupande miti, tusikate miti ovyo, tutunze vyanzo vya maji. Sentensi hizo si makosa, lakini hazimwonyeshi msahihishaji kwamba unajua jambo linavyotokea na namna linavyoweza kuzuiwa. Mada hii inakupa maelezo ya kutosha kuhusu jambo moja: namna wananchi wa vijijini wanavyoweza kusimamia maji yao wenyewe ili wao, mifugo yao na wanyamapori waweze kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mfano wetu mkuu ni Mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania. Usome kwa makini, kwa kuwa mto huu utakufundisha kwamba kiangazi kikali peke yake hakikaushi mto; mara nyingi mto hukauka kwa sababu maji machache ya kiangazi yamegawanywa vibaya.

1. MAANA YA DHANA KUU

Mabadiliko ya tabianchi ni mabadiliko ya muda mrefu katika wastani wa joto, mvua, upepo na hali nyingine za hewa. Usiyachanganye na hali ya hewa ya siku moja au ya msimu mmoja. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kuwa ushahidi. Wanasayansi hulinganisha takwimu za miongo mingi.

Usimamizi shirikishi wa maji ni utaratibu ambao watumiaji wa chanzo kimoja cha maji hukaa pamoja, hutunga kanuni za kugawana maji hayo, husimamia kanuni hizo na huwawajibisha wanaozivunja, huku serikali ikiwatambua na kuwasaidia.

Kuhimili maana yake ni kupata pigo na kuendelea kuishi bila kusambaratika. Kijiji kinachohimili ukame si kile kisichopatwa na ukame. Ni kile ambacho ukame ukipita, watu bado wapo, ng'ombe bado wapo, na watoto hawakuacha shule kwenda kutafuta maji.

Bonde la mto ni eneo lote la ardhi ambalo maji yake ya mvua huteremka na kuingia katika mto mmoja. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, nayo ni Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Mto Ruaha Mkuu umo katika bonde la Rufiji.

2. JOTO LINAVYOGUSA MAJI

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi limeeleza kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020, joto la uso wa dunia lilikuwa juu kwa takribani nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko lilivyokuwa kati ya mwaka 1850 na 1900. Unaweza kujiuliza, nyuzi moja ina madhara gani?

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Hapo yanatokea mambo mawili. Kwanza, hewa hiyo huvuta maji kwa nguvu kutoka kwenye udongo, mimea, mabwawa na mifereji, hivyo ardhi hukauka upesi. Pili, mvua inaponyesha, huweza kumwagika kwa wingi katika muda mfupi. Maji ya mvua ya namna hiyo hayapati nafasi ya kuzama ardhini. Hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo na kwenda zake. Ndiyo maana eneo moja linaweza kupata mafuriko mwezi wa nne na kukosa maji ya kunywa mwezi wa tisa.

Wanyamapori nao hawasalimiki. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa 2022, Pembe ya Afrika ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu. Nchini Kenya, serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 walikufa tembo 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381 na pundamilia wa Grevy 49, ambao ni adimu duniani. Katika miezi hiyohiyo wafugaji walikuwa wakipoteza ng'ombe na mbuzi. Ukame hauulizi kama mnyama ni wa porini au wa zizini.

3. MFANO: MTO RUAHA MKUU

Safari ya mto

Chora ramani hii akilini mwako. Vijito vinaanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako mvua ni nyingi. Vinateremka kuingia katika tambarare za Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Miongoni mwa mito inayoingia huko ni Mbarali, Kimani, Chimala, Mkoji na Ndembera. Katika tambarare hizo wakulima hufungulia maji kwenye mashamba ya mpunga. Maji yanayobaki huingia katika ardhioevu ya Ihefu.

Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa mwamba mahali panapoitwa Ng'iriama. Maji ya beseni yakiwa juu ya ukingo, yanamwagika na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini ya ukingo, hakuna tone linalovuka, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji. Baada ya hifadhi, mto unaingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na hatimaye Mto Rufiji. Mitambo ya Mtera ina uwezo wa megawati 80 na ya Kidatu megawati 204. Kwa hiyo maji yaleyale yana kazi nyingi: yanamwagilia mpunga wa Mbarali, yananyweshwa na viboko wa Ruaha, na yanawasha taa mijini.

Mto unakauka

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu ulijulikana kuwa mto wa kudumu. Mwishoni mwa mwaka 1993 uliacha kutiririka ndani ya hifadhi. Tangu hapo kukauka wakati wa kiangazi kumekuwa jambo la kawaida. Mto ukikatika, hubaki madimbwi. Viboko hujazana humo mpaka maji yakawa tope la kinyesi, samaki hufa kwa kukosa hewa, na mamba hujificha kwenye mapango ya kingo. Wanyama wengine huhama kutafuta maji, na wakihama hukutana na mashamba ya watu.

Nani alaumiwe?

Hapa ndipo uhitaji kuwa makini, kwa kuwa swali hili huwapotosha wengi. Wakati mabwawa yalipopungukiwa na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme miaka ya 1990, kila kundi lilinyoosha kidole kwa mwenzake. Wengine waliwalaumu wafugaji waliohamia Usangu na makundi makubwa ya ng'ombe. Wengine waliwalaumu wakulima wadogo, wengine mashamba makubwa ya mpunga, na wengine wakasema ni mvua tu.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 lililokuwa Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ikafikia ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 20,000. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka. Watafiti waliopima maji Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wameshaonyesha sababu kubwa ilipo: maji yaliyokuwa yakichepushwa kwenda kwenye mifereji wakati wa kiangazi. Wakati wa masika mito hujaa na kila mtu hutosheka. Wakati wa kiangazi mito hubaki na maji machache, na machache hayo ndiyo yaliyokuwa yakiingia mifereji karibu yote, huku Ihefu ikibaki bila kujazwa.

Kwa nini maji yachepushwe wakati mpunga umeshavunwa? Zipo sababu tatu. Kwanza, baadhi ya wakulima hulima mboga, vitunguu na mahindi ya kiangazi. Pili, vijiji vingi vilivyo kandokando ya mifereji vilikuwa havina kisima wala bomba. Mfereji ndio uliokuwa chanzo cha maji ya kupikia, kufulia na kunywa. Ukifunga mfereji, unawafungia watu maji. Tatu, mabanio mengi hayakuwa na milango ya kufunga vizuri, kwa hiyo maji yaliendelea kuvuja na kutuama kwenye majaruba yasiyo na mazao, yakiliwa na jua.

Hesabu ndogo ya kukumbuka

Chukua shamba la hekta 10 lililoachwa na maji yametuama, bila zao lolote. Chukulia kwamba jua linakausha milimita 5 za maji kwa siku, kiasi ambacho ni cha kawaida katika maeneo ya joto na ukavu.

Hekta 10 ni mita za mraba 100,000. Milimita 5 ni mita 0.005. Zidisha: 100,000 × 0.005 = mita za ujazo 500, yaani lita 500,000 kwa siku.

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 za maji kwa mtu mmoja wa kijijini kwa siku. Gawanya: 500,000 ÷ 25 = 20,000. Maana yake, maji yanayopotea hewani kwa siku moja kutoka kwenye hekta 10 zisizo na zao yangetosha watu 20,000 kwa siku hiyo. Maji hayo hayakunywewa na mtu, hayakuotesha mpunga, na hayakufika kwa kiboko.

Ukiielewa hesabu hii, utaelewa kwamba ugomvi wa mkulima na mnyamapori si lazima uwepo. Sehemu ya maji yanayogombewa haimfikii yeyote kati yao.

4. NJIA AMBAZO JAMII HUTUMIA KUSIMAMIA MAJI

(a) Kuunda jumuiya ya watumia maji

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawaruhusu watumiaji wa mto au kijito kimoja kuunda jumuiya inayotambulika kisheria. Jumuiya hufanya kazi chini ya bodi ya maji ya bonde, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Sheria hiyo imeweka pia mpangilio wa vipaumbele: kwanza matumizi ya nyumbani, pili maji ya kulinda mazingira, yaani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni ili viumbe waishi, na baada ya hapo shughuli za kiuchumi kama kilimo na viwanda. Kwa hiyo kiboko hana ofisi, lakini fungu lake limo ndani ya sheria.

Angalizo: Usichanganye jumuiya ya watumia maji na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Cha kwanza hulinda na kugawa maji ya mto au chanzo. Cha pili huendesha mradi wa bomba au kisima cha kijiji, hukusanya malipo na kukarabati pampu, kikisimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ulioanza mwaka 2019.

(b) Kupanga zamu

Zamu ni njia ya zamani na rahisi. Mfereji wa juu huchukua maji siku zilizokubaliwa, kisha hufungwa ili mfereji wa chini nao upate. Zamu inafanya kazi iwapo kila mtu anajua siku yake, na iwapo yuko mtu aliyeteuliwa kuzunguka kukagua mabanio. Bila mkaguzi, zamu hubaki kwenye karatasi, na usiku mabanio hufunguliwa kimyakimya.

(c) Kufunga mabanio baada ya mavuno

Jumuiya hukubaliana tarehe ya kufunga mabanio mpunga unapokomaa. Maji yanarudi mtoni, yanaingia ardhioevu na kusogea kuelekea hifadhini. Kumbuka hata hivyo sababu ya pili tuliyoitaja hapo juu. Banio haliwezi kufungwa kama kijiji kinakunywa kutoka humo. Kwa hiyo kuchimba kisima cha kijiji ni sehemu ya kuokoa mto. Kisima kifupi chenye pampu ya mkono kinaweza kuruhusu mfereji mzima kufungwa kwa miezi kadhaa.

(d) Kulinda ukanda wa mita 60

Sheria za Tanzania zinakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Mimea ya ukanda huo hupunguza kasi ya maji ya mvua, huzuia udongo usiingie mtoni na husaidia maji kuzama ardhini. Maji yaliyozama ndiyo yanayorudi polepole mtoni wakati wa kiangazi. Jumuiya huweka alama za mipaka na hutenga njia maalumu za mifugo kufika majini, ili ng'ombe wasikanyagekanyage kingo zote.

(e) Kuhifadhi maji ya masika

Kugawana vizuri hakutoshi kama maji yote ya masika yanakimbilia baharini. Jamii huchimba malambo, huvuna maji ya paa, na mahali penye mito ya mchanga hujenga mabwawa ya mchanga.

Njia hii ya mwisho tuieleze kidogo, na kwa mfano wake tutavuka mpaka kwenda Ukambani, mashariki mwa Kenya, ambako katika eneo la Kitui peke yake yamejengwa mamia ya mabwawa hayo. Wanakijiji hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, ukiwa umesimama juu ya mwamba. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na maji mengi hupita juu yake kuendelea na safari. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nyuma ya ukuta hujaa mchanga. Ndani ya mchanga huo mna maji, kwa kuwa mchanga mkubwa wa mtoni unaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazaliani humo, na mchanga huchuja uchafu. Wananchi huyachota kwa kisima kilichochimbwa pembeni au kwa bomba lililopita chini ya ukuta.

Tembo wanaijua siri hii. Katika Hifadhi ya Ruaha, wakati wa kiangazi, tembo huchimba mashimo kwenye mchanga wa mito mikavu kama Mwagusi wakapata maji. Wakishakunywa na kuondoka, wanyama wengine huja kunywa kwenye mashimo hayo.

5. FAIDA KWA WATU NA WANYAMAPORI

Kwanza, usalama wa chakula. Mkulima mwenye uhakika wa zamu yake hupanda kwa wakati na hupanda eneo linalolingana na maji yaliyopo.

Pili, muda. Maji yakiwa karibu, wanawake na watoto, ambao mara nyingi ndio wachotaji, hupata saa za kufanya kazi nyingine na kusoma.

Tatu, amani. Migogoro mingi ya wakulima na wafugaji huanzia majini. Palipo na njia za mifugo, birika la kunyweshea na kamati ya kusuluhisha, ugomvi hukatwa mapema kabla ya kufika kwenye mapanga na mahakama.

Nne, wanyama hubaki kwao. Tembo mwenye maji ndani ya hifadhi ana sababu chache za kuingia kwenye shamba la mahindi. Kijiji hupata usalama, na mnyama hupona mkuki.

Tano, uchumi wa taifa. Mto unaotiririka hulinda utalii wa hifadhi, uvuvi wa Mtera na umeme wa Kidatu.

6. CHANGAMOTO

Usiandike insha kana kwamba jumuiya ikiundwa tu, mto unajaa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza nia ya serikali ya kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika na mto bado ulikuwa ukikauka. Kwa nini jambo hili ni gumu?

Aliye juu ya mto hupata faida, na aliye chini hupata hasara. Mkulima anayefungua banio usiku haoni viboko wakifa. Wako mbali naye. Kanuni isiyowakutanisha watu wa juu na wa chini haiwezi kumgusa.

Kuna pia suala la fedha. Mkaguzi wa mabanio anahitaji baiskeli na posho, na lango la chuma linahitaji kukarabatiwa. Jumuiya isiyo na ada hufa baada ya mradi ulioianzisha kuondoka.

Vilevile, wenye nguvu huweza kuteka kamati. Ikiwa mwenye shamba kubwa ndiye mwenyekiti, na wanawake wanaochota maji kila siku hawana kiti, kanuni zitamlinda mwenye shamba.

Idadi ya watu na mashamba nayo inaongezeka. Wakati mwingine mfereji uliojengwa kwa saruji ili kuzuia uvujaji huishia kupanua mashamba: maji yaliyookolewa humwagilia ekari mpya badala ya kurudi mtoni.

Mwisho, kuwawekea wanyama maji kila mahali si dawa. Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ilichimba visima vingi kwa ajili ya wanyama, kisha ikaja kuvifunga vingi, kwa sababu wanyama walikusanyika mahali pamoja na kuharibu uoto. Kwa mnyamapori, mto unaotiririka kwa kawaida yake ni bora kuliko kisima.

Mtafiti Mmarekani Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi zinazotumia kwa pamoja maji, misitu na malisho. Aligundua kwamba zinazodumu hufanana kwa mambo kadhaa: mipaka ya chanzo na watumiaji wake inajulikana; kanuni zinalingana na mazingira ya mahali; watumiaji wenyewe hushiriki kuzitunga; ukaguzi upo; adhabu huanza ndogo na kupanda kwa anayerudia; kuna njia ya karibu na nafuu ya kusuluhisha; na serikali huheshimu haki yao ya kujipanga. Ukikariri mambo haya saba, una kipimo cha kupima jumuiya yoyote utakayoulizwa.

7. NAMNA YA KUIANDIKA KATIKA MTIHANI

Hoja nzuri ina sehemu tatu: dai, maelezo ya namna linavyotokea, na mfano. Linganisha aya hizi mbili.

Aya dhaifu: "Jamii inapaswa kutunza maji kwa sababu maji ni uhai. Bila maji wanyama watakufa na watu watapata shida."

Aya bora: "Jamii inapaswa kufunga mabanio ya umwagiliaji baada ya mavuno. Maji yanayoachwa kutuama kwenye majaruba matupu hukaushwa na jua bila kumfaidi mtu, na mto ulio chini hukosa maji. Hali hii imechangia Mto Ruaha Mkuu kukauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993. Hata hivyo, mabanio yafungwe pale ambapo kijiji kimeshapata kisima, ili wananchi wasikose maji ya kunywa."

Aya ya pili si ndefu sana, lakini ina dai, sababu, mahali, mwaka na tahadhari. Fanya mazoezi ya kuandika aya tano za namna hiyo, kila moja kwa njia moja kati ya zile za sehemu ya 4. Kama nyumbani kwenu kuna mto, lambo au mfereji, utumie huo kuwa mfano wako. Mfano unaoufahamu kwa macho huandikika vizuri kuliko ule wa kukariri.

8. MSAMIATI WA MADA

Banio: mahali ambapo maji ya mto huzuiwa na kuelekezwa kwenye mfereji.
Jaruba: kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta ili kituamishe maji.
Lambo: bwawa dogo la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, hasa kwa mifugo.
Ardhioevu: ardhi inayofunikwa au kulowa maji kwa muda mrefu wa mwaka.
Kuchepusha: kuyatoa maji kwenye njia yake na kuyaelekeza kwingine.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Toa tofauti kati ya mabadiliko ya tabianchi na hali ya hewa.
2. Eleza kwa nini ongezeko la joto linaweza kuleta mafuriko na ukame katika eneo lilelile.
3. "Ardhioevu ya Ihefu inaweza kuwa na maji na bado Hifadhi ya Ruaha ikawa kavu." Fafanua kauli hii.
4. Taja sababu tatu zilizofanya maji yaendelee kuingia mifereji ya Usangu baada ya mavuno ya mpunga.
5. Shamba la hekta 4 limetuama maji bila zao. Ikiwa milimita 5 hukauka kwa siku, ni lita ngapi hupotea kwa siku? Kwa lita 25 kwa kila mtu, yangetosha watu wangapi?
6. Bwawa la mchanga lina faida gani ukililinganisha na lambo la wazi? Toa nne.
7. Andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 kuhusu mada hii: "Kisima cha kijiji kinaweza kumwokoa kiboko."

Jibu la swali la 5 ni lita 200,000 kwa siku, ambazo zingetosha watu 8,000. Kama umepata tofauti, rudia sehemu ya 3 na uanze kwa kubadili hekta kuwa mita za mraba. Kwa swali la 7, usianze kuandika kabla hujapanga mnyororo wako wa sababu: kisima, mfereji uliofungwa, Ihefu iliyojaa, ukingo wa Ng'iriama, mto ndani ya hifadhi. Kila kiungo cha mnyororo huo kinakupa aya moja.